Loji ya Mbeya yenye ukumbi wa "wasiovuta": tathmini ya mgeni mwenye pumu

Loji hii iko Mbeya mjini, pembeni kidogo ya barabara kuu iendayo Tunduma, na kwa mgeni wa kawaida ina kila sababu ya kupendwa. Vyumba ni safi, maji ya moto hayakatiki, watu wa mapokezi wanampokea vizuri hata aliyefika usiku wa manane na basi lililochelewa, na bei zake ni za kawaida kwa Mbeya. Sitaitaja kwa jina, kwa kuwa kasoro nitakayoieleza nimeikuta katika loji na baa nyingi za Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Makambako hadi Tukuyu, na si haki kuibebesha nyumba moja mzigo wa wengi. Kasoro yenyewe ni hewa. Nina pumu ya mzio tangu utotoni, na kazi yangu ya ukaguzi wa hesabu hunilaza ugenini mara kwa mara. Kwa mtu wa hali yangu, swali la kwanza kuhusu nyumba ya wageni halihusu godoro wala runinga, bali ni nani amevuta sigara, wapi, na moshi wake umeishia wapi.

Chakula nitakimaliza haraka, maana hakina ubishi. Wali wa Kyela unanukia kabla sinia haijafika mezani, kuku wa kienyeji amechemshwa bila haraka, ndizi za Tukuyu zinaiva laini bila kuvurugika, na parachichi hawalihesabu kama anasa. Supu ya asubuhi ni nzito na inaletwa ikiwa bado inatoa mvuke. Ningekuwa natathmini jiko peke yake, ningemaliza hapa na kuwapa alama zote.

Tatizo ni mahali chakula hicho kinapoliwa. Ukumbi umegawanywa kwa ukuta wa mbao na vioo. Upande mmoja kuna kibao chekundu kinachokataza sigara, na upande wa pili kuna baa, meza za wavutaji na visahani vya majivu. Ukuta wenyewe haufiki darini, kwani umeachwa wazi kwa juu kiasi cha urefu wa mkono, na mlango wa kuunganisha pande mbili umewekewa kreti ya soda ili usijifunge, kwa sababu wahudumu wanapita hapo na masinia tangu jioni hadi usiku. Ukuta wa namna hiyo unazuia moshi kama chandarua kilichotoboka kinavyozuia mbu. Ukiwa umekaa upande wa "wasiovuta", unauona moshi ukipanda kule baa, ukitambaa chini ya dari na kushuka taratibu juu ya meza zenu.

Hapa kuna jambo ambalo walioiga mpango huu kutoka miji ya joto hawakulifikiria. Mbeya iko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mwezi Juni na Julai upepo unaoshuka kutoka Loleza hauruhusu mtu kula huku dirisha likiwa wazi. Dar es Salaam ukumbi kama huu ungekuwa na madirisha wazi pande zote, na huenda moshi ungepungua kidogo. Hapa kila kitu kinafungwa ifikapo saa 12 jioni, na pazia nzito zinashushwa. Kadiri baridi inavyozidi, ndivyo watu wengi zaidi wanavyojibanza ndani, ndivyo sigara nyingi zaidi zinavyowashwa, na ndivyo hewa inavyokosa pa kutokea. Kwa hiyo msimu ambao kifua cha mwenye pumu kinasumbuliwa zaidi na hewa ya baridi na mafua ndio huohuo ambao ukumbi unakuwa na moshi mwingi kuliko wakati wowote wa mwaka.

Hata kama ukuta ungefika darini, nisingeukubali. Chembe za moshi wa sigara karibu zote zina kipenyo cha chini ya maikromita 2.5, na nyingi ni ndogo zaidi ya hapo; haziendi chini kama vumbi la barabarani, bali huelea hewani kwa saa nyingi baada ya sigara kuzimwa, na ni ndogo kiasi cha kufika hadi ndani kabisa ya mapafu. Ripoti ya Mganga Mkuu wa Serikali ya Marekani ya mwaka 2006 ilisema wazi kwamba hakuna kiwango cha moshi wa wengine ambacho ni salama, na kwamba kuwatenga wavutaji ndani ya jengo moja, kusafisha hewa kwa mashine au kuweka feni hakuwezi kuondoa madhara yake. Tanzania iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007, na miongozo ya mkataba huo inafuata msimamo huohuo: ndani ya jengo, ama hakuna moshi kabisa, ama hakuna kinga. Sheria yetu ya mwaka 2003 ya kudhibiti bidhaa za tumbaku inakataza uvutaji katika maeneo mengi ya umma, lakini inaacha nafasi ya kutenga sehemu za wavutaji, na nafasi hiyo ndiyo inayozaa kuta za mbao na kreti za soda.

Wapo watakaosema kuwa moshi ni kero tu, na kwamba mwenye kifua chepesi avumilie kidogo. Ningependa wasomaji wa tathmini hii waelewe kinachotokea ndani, kwa sababu bila kukielewa lawama yangu itaonekana ni ya mtu mwenye deko.

Pumu ya mzio huanza pale kinga ya mwili inapomdhania asiye adui kuwa adui. Utitiri wa vumbi la nyumbani, chavua, manyoya ya paka au ukungu wa ukutani huingia katika njia za hewa, na badala ya kupuuzwa, hutengenezewa kingamwili aina ya IgE ambazo hujipachika juu ya seli maalumu zilizotapakaa kwenye utando wa njia hizo. Siku kitu hicho kinaporudi, seli hizo humwaga histamini na kemikali nyingine ndani ya dakika chache. Misuli inayozunguka njia za hewa hukaza, utando huvimba, makamasi mazito hutoka, na kifua huanza kupiga miluzi. Saa kadhaa baadaye hufika seli nyeupe za damu ziitwazo eosinofili, zilizoitwa na kemikali za mawasiliano kama interlukini 5, na hizo ndizo zinazoendeleza uvimbe hata pale mgonjwa anapojiona amepona na kuanza kucheka na wenzake.

Moshi wa sigara hauhitaji mzio ili udhuru. Una kemikali zaidi ya 7,000, zikiwamo akrolini na fomaldehaidi, ambazo huunguza utando wa njia za hewa na kulemaza vinyweleo vinavyosukuma makamasi na uchafu kuelekea kooni. Utando ukishalegea, vumbi lilelile lenye utitiri hupenya ndani zaidi kuliko jana. Seli zilizojeruhiwa nazo hutoa kemikali za tahadhari, mojawapo ikiitwa TSLP na nyingine interlukini 33, ambazo kazi yake ni kuamsha upande uleule wa kinga unaoendesha mzio. Juu ya hapo, moshi huita kundi jingine la seli nyeupe, nyutrofili, ambazo haziachii kwa urahisi hata mgonjwa akitumia dawa yake ipasavyo. Kwa hiyo mwenye pumu aliyekaa katika ukumbi ule hakupata kero moja. Amepata msukumo mpya kwenye uvimbe wa zamani, na uvimbe wa aina ya pili juu yake.

Jambo hili ndilo linalonifanya niwaonye wenzangu wanaoingia humo wakijiamini kwa sababu wana pampu ya bluu mfukoni. Salbutamoli, dawa iliyomo ndani ya pampu hiyo, hulegeza misuli iliyokaza kwa dakika chache, na hilo ni jema, lakini haigusi uvimbe. Mtu anavuta dawa mara mbili, kifua kinafunguka, anaagiza chai nyingine, na moshi unaendelea kufanya kazi yake bila yeye kusikia chochote hadi usiku wa manane. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu ujulikanao kama GINA hautaki tena mgonjwa, mtu mzima au kijana, atibiwe kwa salbutamoli peke yake. Anatakiwa apate na steroidi ya kuvuta, ambayo ndiyo inayotuliza uvimbe.

Mhudumu aliyekuwa akinihudumia ni binti mchangamfu, na huduma yake ni miongoni mwa mambo bora ya nyumba hii. Aliponiona nimetoa pampu, alisogea bila kuitwa.

"Mama, hewa imekuwa nzito? Nikuhamishie kwenye kona kule?"

Kona yenyewe ilikuwa hatua chache kutoka hapo na chini ya dari ileile, lakini nilimshukuru. Alipokuwa akikusanya vyombo alikohoa kikohozi kikavu, akageuza uso pembeni kwa adabu. Nilimuuliza kama ana mafua.

"Hapana mama, hiki ni cha siku nyingi. Nikienda likizo kwetu Rungwe kinakata, nikirudi kazini kinarudi."

Daktari yeyote wa magonjwa ya kazini angesimama kwenye sentensi hiyo, kwa sababu kikohozi kinachokata likizo na kurudi kazini kinamwonyesha mtu chanzo chake. Sisi wageni tunakaa saa mbili tukaondoka. Yeye anavuka mlango ule kutoka moshi kwenda moshi mwepesi zaidi, jioni nzima, siku sita za wiki. Uskoti ilipopiga marufuku uvutaji ndani ya majengo ya umma, tarehe 26 Machi 2006, watafiti wa Dundee waliwapima wafanyakazi wa baa kabla na baada ya tarehe hiyo, na katika muda usiozidi miezi miwili dalili za vifua zilikuwa zimepungua. Kwa waliokuwa na pumu, hata vipimo vya uvimbe wa njia za hewa vilishuka na hali ya maisha yao ikawa bora. Hawakubadilishiwa dawa. Kilichobadilika ni hewa ya kazini. Uskoti hiyohiyo, idadi ya watoto waliokuwa wakilazwa hospitali kwa pumu, ambayo ilikuwa ikipanda kwa asilimia 5.2 kwa mwaka kabla ya sheria, ilianza kushuka kwa asilimia 18.2 kwa mwaka baada yake. Watoto hawaendi baa, na bado walinufaika.

Nilizungumza na meneja asubuhi yake, na nakiri kuwa alinisikiliza kwa heshima. Hoja yake ya kwanza ilikuwa kwamba kibao kimewekwa na sehemu imetengwa, kama nilivyokwisha kueleza. Hoja ya pili ndiyo iliyonishughulisha.

"Mama, tuna mteja wetu wa siku zote, ana pumu kabisa, na anavuta pakiti nzima hapahapa. Haanguki."

Hoja hii nimeisikia pia Iringa na Mafinga, na ina chembe ya ukweli inayopotosha. Mtu mwenye pumu ambaye pia anavuta sigara mara nyingi huwa na eosinofili chache katika makohozi kuliko mwenye pumu asiyevuta, na kipimo cha naitriki oksaidi katika pumzi yake, ambacho madaktari hukitumia kupima uvimbe wa mzio, huwa cha chini. Hata katika panya wa maabara matokeo hayakufanana: moshi ukitolewa pamoja na kitu cha mzio mwanzoni, husaidia mzio kujengeka, lakini ukitolewa kwa muda mfupi kwa mnyama ambaye tayari ana mzio, mara nyingine eosinofili hupungua. Asiyesoma hadi mwisho anaweza kudhani sigara inatuliza pumu. Ukweli ni kwamba uvimbe umebadilika sura, nyutrofili zimeongezeka, na mapafu ya mtu huyo yanapoteza uwezo wake haraka kuliko ya mwenzake asiyevuta.

Baya zaidi, dawa yake haifanyi kazi sawasawa. Ndani ya seli kuna kimeng'enya kiitwacho HDAC2, ambacho steroidi hukitegemea ili kuzima jeni zinazochochea uvimbe. Moshi hukipunguzia nguvu kimeng'enya hicho, na matokeo yake ni kwamba mvutaji mwenye pumu anavuta steroidi ileile, kwa kipimo kilekile na kwa bei ileile ya duka la dawa, lakini anapata nafuu ndogo. Aminofilini, dawa nyingine ya pumu ambayo bado inatumika sana katika zahanati zetu, nayo huondolewa mwilini haraka zaidi kwa mtu anayevuta. Mteja yule wa meneja hajaanguka, ni kweli, ila analipia dawa ambayo sigara yake inaipunguzia kazi. Habari njema kwake ni kwamba mlango haujafungwa: watafiti wa Glasgow waliwafuatilia wavutaji wenye pumu walioacha sigara, na katika wiki 6 tu nguvu ya mapafu yao ilikuwa imepanda kuliko ya wale walioendelea.

Meneja alinikumbusha pia, kwa tabasamu, kwamba tumbaku ni zao la Chunya na wapo wageni wake ambao ndiyo inayowalipia chumba. Sina ugomvi na mkulima wa Chunya. Suala langu lilikuwa mlango na kreti ya soda. Akaongeza kwamba hata jiko la mkaa wanaloliweka ukumbini nyakati za baridi linatoa moshi, na hapo tulikubaliana kabisa, kwani jiko hilo nalo halifai ndani ya ukumbi uliofungwa, na gesi ya kaboni monoksidi inayotoka humo inaweza kuua mtu asiye na pumu hata kidogo.

Nimalizie na vyumba. Chumba cha kwanza nilichopewa kiko ghorofani, juu ya baa, na mlangoni kina alama ya kukataza sigara. Ndani kuna zulia la ukuta hadi ukuta, pazia za kitambaa kizito na blanketi mbili nene za kule kwetu baridini, na vyote vitatu vilikuwa na harufu ya sigara iliyolala. Kwenye kingo ya dirisha kulikuwa na kisahani cha majivu kilichooshwa vizuri, jambo linaloeleza jinsi alama ile inavyoheshimiwa. Nikotini na mabaki mengine ya moshi hung'ang'ania vitambaa, zulia na rangi ya ukuta, kisha hurudi hewani kidogo kidogo kwa wiki na miezi. Mengine huchanganyika na gesi za ndani ya nyumba na kuzaa kemikali mpya zenye sumu. Kufungua dirisha saa moja hakuyaondoi. Mhudumu wa vyumba alikuwa amejaribu kuifunika harufu kwa dawa ya kupuliza ya waridi, kwa nia njema kabisa, lakini manukato ya kupuliza nayo huwabana wengi wenye pumu, kwa hiyo nilikuwa na vichocheo viwili ndani ya chumba kimoja, ukiacha utitiri wa zulia.

Niliomba kuhamishwa, nikapelekwa kwenye safu ya vyumba vya uani, nyuma ya jiko. Tofauti ni kubwa mno. Sakafu ni ya vigae, pazia ni nyepesi na zinafuliwa, milango inafunguka moja kwa moja nje, na kwa kuwa ni vyumba vidogo visivyo na runinga kubwa, wanywaji na wavutaji hawavitaki. Nililala hadi asubuhi bila kuamshwa na kifua. Bei yake ni ndogo kuliko ya ghorofani.

Uamuzi wangu, kwa hiyo, umegawanyika. Chakula nakipa nyota tano, wahudumu nyota tano, vyumba vya uani nyota nne, ukumbi nyota moja, na vyumba vya juu ya baa sivipi kitu. Wenye nyumba hawahitaji fedha nyingi kurekebisha haya: lile banda la makuti lililoko mwisho wa ua, mbali na madirisha, linatosha kabisa kuwa mahali pa wavutaji, na ukumbi mzima ukabaki bila moshi, Juni hadi Juni. Zulia za ghorofani zikitolewa na blanketi zikafuliwa kila mgeni anapoondoka, hata vyumba vile vinaweza kufaa baada ya muda.

Kwa mwenye pumu, au anayesafiri na mtoto mwenye kifua, ushauri wangu ni kupiga simu kabla ya kufika na kuomba chumba cha uani kwa kusisitiza, kwani ni vichache na madereva wa Tunduma wanaovipenda kwa bei huviwahi mapema. Chakula waombe wakuletee chumbani. Hawatozi nyongeza, na kinafika kikiwa cha moto. Blanketi njoo na la kwako.